Mboga za Studio

Milimani juu ya Mbalizi, watu walipotaka kumsifu mwanamke walisema jembe lake halilali. Jembe la Damari lilikuwa halilali. Alikuwa Msafwa, amekulia kwenye mashamba ya pareto na viazi, na tangu utoto mgongo wake ulizoea kuinama juu ya ule udongo mweusi unaoganda kati ya vidole vya miguu. Alipoolewa na Lutengano, kijana wa Kinyakyusa aliyekuwa akiwapikia wajenzi wa barabara, watu wa kwao walinong'ona kwamba mtu wa ndizi hawezi kukaa kwenye baridi ya viazi. Akakaa. Wakazaa mabinti wawili, wakawalea, wakawaoza, na Damari akabaki kuitwa Mama Roza kwa jina la yule mkubwa.

Masika ya mwaka 1973 yalikuwa na mvua isiyopumzika. Siku moja Damari alikuwa akichimbua viazi kwenye mteremko, na udongo uliokwisha kulewa maji ukateleza. Ulimchukua yeye, na kapu lake, na matuta yote ya upande ule, ukaenda kumbwaga chini kijitoni. Vijana walimbeba kwenye machela ya blanketi mpaka barabarani, na kutoka hapo lori likamfikisha hospitali Mbeya. Mfupa wa paja uliunga, lakini uliunga vibaya. Alipotoka alikuwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, fimbo mkononi, na nyonga iliyokataa kabisa kukunjika. Kusimama aliweza. Kukaa kwenye kigoda kirefu aliweza. Kuinama hakuweza tena.

Kwa kuwa mlima usingepandika kwa mguu ule, alihamia kwa mumewe. Wakati huo Lutengano alikuwa jikoni kwenye kambi mojawapo ya wajenzi wa reli, nje kidogo ya mji wa Mbeya, akisaidiana na wapishi Wachina. Damari alikuwa akikaa mlangoni mwa jiko lile, akichambua mchele ili asionekane amekaa bure. Humo ndimo alipoona kitu ambacho hakukielewa. Mpishi mmoja mzee alikuwa na kapu lililofunikwa kitambaa kibichi, akilimwagia maji asubuhi na jioni, na kila alipolifunua palikuwa na machipukizi meupe yamesongamana kama uzi. Hapakuwa na udongo hata chembe.

"Udongo uko wapi?" Damari alimwuliza.

Yule mzee hakuwa na Kiswahili kingi. Alinyanyua kikombe cha maji, akakionyesha, akacheka, akarudi kwenye karai lake. Damari alilifikiria lile kapu siku nyingi. Kwao mbegu bila udongo ilikuwa kama mtoto bila mama, na hapa palikuwa na watoto wanaonenepa.

Reli ilipokwisha na kambi kufungwa, Lutengano alipata kazi Iringa, kupikia wanafunzi kwenye bweni moja la mjini. Wakafunga mizigo, wakapanda basi, wakashukia mji wa mawe na upepo. Walipanga vyumba viwili Kihesa, kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kihehe aitwaye Severina.

Severina alikuwa mjane, mrefu, mwenye maneno machache na makali. Alifuga nguruwe uani, na Lutengano hakuchukua muda kuelewana naye, maana kila jioni alirudi na ndoo ya mabaki ya jikoni: maganda ya ndizi na viazi, majani ya nje ya kabeji, ukoko wa ugali, majani ya chai yaliyochujwa, maharage yaliyoungua. Yote yaliingia kwenye pipa lililokuwa karibu na banda, na nguruwe wakanawiri. Upande wa pili wa ua palikuwa na chumba kimoja kirefu, kina madirisha makubwa ya vioo na vioo vingine darini, na mlango wake ulikuwa na kufuli lililoanza kushika kutu.

"Ile ilikuwa studio ya marehemu," Severina alimwambia Damari walipohamia. "Yohane alikuwa mpiga picha. Ufunguo ninao mimi."

Alivyolisema neno la mwisho, Damari alielewa kwamba habari za chumba kile zimeishia hapo.

Ilikuwa ni wakati wa kampeni ya kilimo cha kufa na kupona. Njaa ilikuwa imepita nchini na kila mtu, awe wa shamba au wa mjini, alitakiwa alime. Balozi wa nyumba kumi aliwagawia watu wa mtaa vipande vya ardhi kando ya mji, na alfajiri wanawake wa Kihesa walikuwa wakipita na majembe begani wakizungumza na kucheka. Walipofika kwa Damari walimsalimu vizuri. "Kamwene, Mama Roza. Wewe utuangalizie nyumba." Hawakuwa na nia mbaya. Damari aliitikia, akakaa kwenye kigoda chake, na mikono yake ikamwasha. Mtu anaweza kusamehewa kazi na bado asijisamehe. Jioni alimwambia mumewe kwamba amekuwa kama kiti, kila mtu akipita anakisogeza vizuri kisianguke.

Lutengano alikuwa mtu wa kusikiliza. Hakumjibu kwa faraja za haraka. Alimwuliza tu, "Mikono inataka nini?"

"Inataka kupanda kitu."

"Basi panda."

"Nipande wapi, Baba Roza? Siwezi kuifikia ardhi."

"Kama huwezi kuifikia, iinue."

Kesho yake alimletea karai lililotoboka. Damari alitaka kulijaza udongo, lakini karai la udongo lilikuwa zito, hangeweza kulisogeza kufuata jua la dirishani. Ndipo lile kapu la Mchina lilipomrudia akilini. Akajaza kokoto ndogo zilizooshwa, akatia maji mpaka nusu, akatawanya mbegu za mchicha, akaweka karai juu ya meza karibu na dirisha.

Mchicha uliota. Kwa siku kadhaa Damari alikuwa na furaha ya mama mzazi; aliwaita mpaka wanawake wa majembe waje waone. Lakini ulipofika urefu wa kidole ulisimama. Majani yakawa ya manjano, shina likawa jembamba kama uzi wa kushonea, na kila aliyeuangalia alitingisha kichwa. Damari alijua maana ya rangi ile. Alikuwa ameiona kwenye mashamba yaliyochoka. Maji yalikuwa yanainywesha mimea, lakini hayailishi.

Jibu lilikuwa nyuma ya banda la nguruwe, na lilikuwa limekaa hapo muda mrefu bila kuulizwa. Pipa la mabaki lilikuwa na tundu dogo chini, na maji yake yalivuja, yakapita kwenye lundo la kokoto lililobaki wakati wa ujenzi wa nyumba. Upande wa mwisho wa lundo lile, mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda chochote, paliota mnyanya. Ulikuwa mweusi kwa kijani, una matunda yaliyosongamana, na mizizi yake ilikuwa kwenye mawe matupu. Damari aliutazama akiegemea fimbo mpaka Severina akaja kumwuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nautazama mnyanya wako."

"Huo si wangu. Umejiotea."

"Unakula nini?"

Severina aliangalia pipa, akaangalia mawe. "Unakula chakula cha nguruwe," akasema.

Tangu siku hiyo Damari alijua anachokitaka, na alijua pia kwamba dirisha la chumba chake halitatosha. Alihitaji mwanga mwingi, mahali pasipo na kuku wala upepo wa Iringa unaong'oa hata miche iliyoshika, na meza za kumfikia kiunoni. Mahali pa namna hiyo palikuwa mahali pamoja tu uani pale. Alingoja mpaka Jumapili, Severina ametoka misani ameketi na kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, akamwomba chumba.

Severina hakukasirika. Aliweka kikombe chini, akasema, "Hapana," akaingia ndani.

Damari hakurudia ombi. Walisalimiana kama kawaida, wakapeana chumvi na moto kama kawaida. Likapita juma, likapita lingine. Kisha asubuhi moja Damari alisikia kufuli likigongwa kwa jiwe, maana kutu ilikuwa imeushinda ufunguo. Alipotoka alimkuta Severina amesimama mlangoni mwa studio, mlango wazi, lakini yeye hajaingia.

"Njoo uingie wewe kwanza," alimwambia.

Damari aliingia kwa fimbo yake. Vumbi lilikuwa kila mahali, na juu ya vumbi, mwanga. Ulishuka kutoka kwenye vioo vya darini, laini, mweupe, haukuacha kivuli hata kwenye pembe. Ukutani ilining'inia turubai iliyochorwa bustani ya maua makubwa na ngazi zinazopanda kwenda nyumba ambayo hakuna mtu Iringa aliyewahi kuiona. Mbele yake palikuwa na kiti kimoja cha kuegemea na pembeni miguu mitatu ya kamera, imefunikwa shuka.

Severina aliingia polepole. "Alikuwa akisema mwanga huu haupatikani popote," alisema. "Watu walitoka Dodoma kuja kupigwa picha hapa. Akiumwa, kwenye ule ugonjwa wa mwisho, aliniambia nisiuze chumba. Hakuniambia nikifanyie nini. Mimi nikakifunga." Alipangusa kiti kwa kiganja, akakaa juu yake, akatazama juu kwenye vioo. Damari akasimama kando. Severina akasema, "Miaka minne mwanga unaingia humu kila siku, haumkuti mtu. Leta mchicha wako."

Mianzi ilikuwa haina shida Iringa. Severina alikuwa na kichaka chake cha ulanzi kando ya mto, na mianzi mizee iliyoacha kutoa aliikata mwenyewe. Lutengano aliipasua kwa urefu, akatoboa vizuizi vya ndani, zikapatikana hori ndefu nyembamba. Wakazipanga juu ya magogo, kila moja imeinama kidogo kuelekea upande mmoja, zimejazwa kokoto, na chini ya kila ncha wakaweka debe. Maji yalimwagwa juu, yakapita taratibu kwenye mawe na mizizi, yakadondokea kwenye debe, na Damari akayarudisha juu. Yalikuwa yanazunguka. Kwa mji ambao mabomba yake yalikauka kila kiangazi, hiyo ilikuwa neema tosha. Na meza zote zilimfika Damari kiunoni.

Kosa lake lilikuwa haraka. Alichota maji ya pipa kama yalivyo, mazito, yana povu, akayamimina kwenye mianzi. Kesho yake studio ilinuka kama banda la nguruwe, na keshokutwa miche yote ilikuwa imelala chini imeungua pembeni. Nzi walijaa kwenye vioo. Severina alisimama mlangoni na upande wa kanga puani.

"Nilikupa chumba cha mume wangu," alisema kwa sauti ya chini, "umekigeuza choo."

Damari angeweza kuvumilia kelele. Ile sauti ya chini ndiyo iliyomwingia. Alikaa studio kutwa nzima akimwaga na kuosha, jiwe kwa jiwe, na Lutengano aliporudi alimkuta macho mekundu, mikono imechubuka kwa maji.

"Tuache?" Lutengano aliuliza.

"Mnyanya haukufa," Damari alijibu. "Unakula maji hayohayo. Kwa nini wenyewe haukufa?"

Wakatoka kwenda kuutazama pamoja. Lutengano alipiga magoti, akafukua mawe kwa mkono kuanzia pipani kuelekea kwenye mnyanya, akinusa alivyozoea kunusa sufuria. Karibu na pipa mawe yalinuka. Hatua chache mbele harufu ilipungua. Kwenye mizizi ya mnyanya hapakuwa na harufu mbaya hata kidogo. Palinuka kama udongo uliopata mvua. Na mawe ya huko yalikuwa yamevaa utando mwembamba wa kahawia unaoteleza.

"Kuna kitu kinakula humu kabla ya mnyanya," Lutengano alisema.

Damari alifikiri juu ya kibuyu cha maziwa. Huko kwao kibuyu kipya hakikugandisha maziwa vizuri mpaka kizoee. Kibuyu kikongwe, chenye ukuta uliokwisha kushika, ulitia maziwa jioni na asubuhi yameganda. Hakuna aliyekiona kinachofanya kazi ile, lakini hakuna aliyethubutu kukisugua kibuyu kile kwa majivu. Labda mawe nayo yalikuwa hivyo. Labda alichotakiwa kufanya ni kuyapa muda.

Walitoboa debe matundu madogo chini, wakalijaza kokoto na vipande vya mkaa, wakaliweka nje kabisa, nyuma ya banda. Maji ya pipa Damari aliyachuja kwa gunia, akayazimua kwa maji safi mengi, akayadondosha juu ya mawe kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Yaliyotoka chini aliyakinga kwa debe jingine, akayarudisha tena juu. Mwanzoni yalinuka yalipoingia na yakanuka yalipotoka. Mara moja uvumilivu ulimwishia, akayaosha mawe yawe safi, na kumbe akawa amesugua kibuyu. Ilibidi aanze upya. Alijifunza kuacha. Alikuwa amelelewa kwenye kazi ambayo mtu akiona haiendi anaongeza nguvu, na hii ilikuwa kazi ya kupunguza mkono.

Asubuhi moja ya baridi alichota kikombe chini ya debe, akakinusa, akamwita Severina naye anuse. Severina alisogeza pua kwa mashaka.

"Maji ya mto," alisema.

"Ya pipa."

Severina alinusa tena, akamtazama, kisha akachukua lile debe la kukingia na kulibeba mpaka studio, maana Damari na fimbo yake asingeweza kulibeba bila kumwaga.

Safari hii mchicha haukuwa wa manjano. Ulipanda kijani, ukapanuka, ukajaza mianzi mpaka mawe hayakuonekana. Ukafuatiwa na figiri, kisha spinachi, kisha vitunguu vya majani. Damari aligundua kwamba ukitia maganda mengi ya ndizi mimea inasimama imara, na majani ya chai yakizidi maji yanakuwa makali. Akawa anachanganya kama anavyochanganya mpishi, kwa jicho na ulimi wa moyo. Alikata majani ya pembeni na kuacha moyo, mmea ukaendelea. Turubai ya maua ilibaki ukutani ilipokuwa, na wageni wasiojua walipochungulia dirishani hawakuwa na hakika bustani ya kuchorwa inaishia wapi.

Kiangazi cha mwaka 1977 kilikuwa kirefu. Bustani za kando ya mto zilisinyaa, na wanawake wa majembe wakarudi na nusu kapu, kisha na robo, kisha na maneno tu. Ndipo walipoanza kupitia kwa Damari. Hakutaka kuwauzia. Alisema mimea inakula mabaki, na nyumba moja haina mabaki ya kulisha mboga za mtaa. Hivyo ikawa desturi: anayetaka mboga aje na maganda. Wakawa wanafika na bakuli la maganda ya viazi, na ganda la yai lililosagwa, na makapi ya maharage, wanaondoka na fungu la mchicha. Nguruwe walipata sehemu yao, pipa sehemu yake. Asubuhi, badala ya kupita tu na kumwachia nyumba, walisimama na kumwuliza ushauri wa wadudu kwenye vile vipande vya balozi, na Damari, ambaye mikono yake ilikumbuka kila mdudu wa milimani, aliwajibu.

Siku moja Lutengano alimkuta amekaa katikati ya mianzi kwenye kile kiti cha kuegemea, fimbo imeangushwa chini, anaimba wimbo wa kupalilia wa Kisafwa. Hakuwa ameusikia tangu siku za mlimani. Alirudi nyuma bila kukohoa, akaenda kuosha ndoo.

Kisha habari za kipindupindu zikaanza kusikika mikoani, na watu wakaanza kuogopa kila kilicho na unyevu. Mtu mmoja, haikujulikana nani na Damari hakutaka kujua, alipeleka habari kwamba Kihesa kuna mama analisha watu mboga za maji taka. Bwana afya akaja na baiskeli. Jina lake Didas, kijana mtaratibu mwenye viatu vilivyopigwa rangi. Alisalimu wakubwa, akaomba kuoneshwa kila kitu, akaanza na pipa.

"Mama, hapa kuna nzi," alisema.

"Wapo," Damari alikiri.

"Na hili pipa na bomba lenu la maji haviko mbali."

"Haviko mbali."

Severina alikuwa amekunja mikono, tayari kwa vita. Damari alimgusa mkono. Didas alifika studio, akatembea kati ya mianzi, akageuza majani, akanusa debe la kudondoshea. Alisimama muda mrefu zaidi ya alivyohitaji.

"Mnaila mbichi?"

"Vitunguu, wakati mwingine. Mboga tunapika."

"Basi nisikilizeni," Didas alisema. Alikaa kwenye ukingo wa meza kama mtu anayezungumza na shangazi zake. "Nikiandika mwage kila kitu, nitakuwa nimefanya kazi yangu, na hakuna atakayenilaumu. Lakini maganda ya chakula si kinyesi, na sijaona kinyesi hapa isipokuwa cha nguruwe. Nguruwe nao wahame. Banda liende kule mwisho wa ua, mbali na pipa na mbali na bomba. Pipa lipate mfuniko unaofunga. Mashapo ya pipa yafukiwe, yasimwagwe. Na chochote kinachotoka humu, hata kitunguu, kipikwe mpaka kiive, angalau mpaka hatari hii ipite. Mtaweza?"

Damari aliona ukweli wa maneno yale, hasa la nguruwe, ambalo hakuwahi kuliwazia. "Tutaweza, mwanangu," alisema. "La nguruwe ni la dada Severina kujibu."

Severina alipumua. "Watahama," alisema. "Wenyewe hawana haraka, lakini watahama."

Banda lilihama. Lilisumbua, nguruwe mmoja alitorokea kwa jirani na kula kibarazani kikapu kizima cha mihogo, lakini lilihama. Didas alirudi kukagua, akaridhika, na tangu hapo alipopita Kihesa alipiga kengele ya baiskeli na kuuliza kutoka barabarani kama pipa limefunikwa. Kipindupindu hakikuingia mtaa wao. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya mfuniko wa pipa, ila tangu mwaka ule kila nyumba ya jirani ilikuwa na mfuniko kwenye mtungi wa maji.

Mwaka 1979 ukielekea mwisho, watu walianza kuzungumzia kiwanda kikubwa cha karatasi kitakachojengwa Mgololo. Panapojengwa kitu kikubwa panahitajika sufuria kubwa, na Lutengano, aliyekwisha kupikia barabara na reli, alitumiwa ujumbe. Aliuchukua nyumbani akauweka mezani kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kuvunjika.

"Ni kazi nzuri," alisema. "Ila ni kambi. Unajua kambi ilivyo."

"Najua."

"Ulinifuata Mbeya, ukanifuata Iringa. Sitaki kukubeba tena kama mzigo."

Damari alikuwa akichambua figiri. Aliendelea kuchambua. Alifikiri juu ya kambi ile ya kwanza na mlango wa jiko alikokaa akichambua mchele wa watu wengine. Halafu akafikiri juu ya mianzi ambayo kesho ilipaswa kupinduliwa na kupandwa upya, na debe la mawe ambalo lingekufa kama lisingelishwa kwa juma moja, na akashangaa kwamba hakuwa na huzuni.

"Nenda wewe," alisema. "Mimi nina watu wa kulisha. Mawe yale hayawezi kusafiri."

Lutengano alimtazama, akacheka taratibu. "Miaka yote hii nilikuwa nawaza utaniambia tusitengane."

"Tukitengana mwezi hatujaachana. Ila uje na ndoo. Usiniletee nguo, niletee maganda."

Alikwenda. Kila alipopata likizo alipanda lori la mbao mpaka barabara kuu, na kutoka hapo basi mpaka Iringa, na abiria walimlalamikia kwa sababu ya ile ndoo ya harufu aliyoishika katikati ya miguu. Alipowaeleza ina nini hawakumwamini.

Jumamosi moja alifika jua limeanza kushuka. Severina alikuwa uani anapukuchua mahindi, akamsogezea kigoda na kikombe cha ulanzi bila kuinuka, maana walikuwa wamekwisha kuwa ndugu. Wanawake wawili wa mtaa walikuwa wanangoja mafungu yao mlangoni mwa studio, wanabishana kuhusu harusi ya mtu. Kutoka ndani ilisikika sauti ya maji yakidondoka kwenye debe, na sauti ya Damari akiwaambia wangoje kidogo, hajamaliza kukata.

"Baba Roza amekuja," Severina aliita.

"Nimesikia hatua zake," Damari alijibu kutoka kwenye mianzi. "Mwambie anawe mikono, aje anishikie kapu. Hili la spinachi limejaa."

Lutengano akaweka kikombe chini, akanawa, akaingia.